Herufi Ishirini na Saba za Cheo Changu

Jumatatu, 4 Machi 2019
Mzee Kübler anastaafu. Hatimaye! Miaka kumi na mmoja tunapasha maji ya bwawa la kuogelea la mji, yeye mkuu wa boila, mimi msaidizi. Kwenye mlango wangu hakuna hata kibao. Msaidizi mwenzangu, Bi Häberle, ana vyeti vyote. Mimi nina mwandiko mzuri. Daktari Zeller, bosi wetu, kaniomba niandike tangazo la nafasi hiyo. Nimekubali upesi mno, nadhani.

Jumanne, 5 Machi
Nimebuni cheo: Dampfkesselhausoberaufseher. Neno moja tu la Kijerumani! Yaani mwangalizi mkuu wa jumba la boila. Mwanamume, bila shaka. Umbo la kike, lenye “in” mwishoni, nimeliacha makusudi, Bi Häberle ajue si yake. Mke wangu Irmtraud akauliza kama sijasahau kitu. Nikamwambia anywe supu yake.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Bi Häberle kasoma tangazo ubaoni, kacheka mpaka kashika ukuta. Akaniuliza, Bwana Pfleiderer, wanawake umewaficha wapi, nyuma ya boila? Kisha huyo, ngazini, kwa bosi. Sheria inataka tangazo liwaite wanaume, wanawake na wengineo. Limebanduliwa. Nimeandika upya, nimenuna.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepeleka maombi yangu. Yamerudi kabla ya chakula cha mchana. Aliyeandika tangazo haruhusiwi kuomba, eti iko kwenye kanuni, ukurasa wa pili. Nani husoma ukurasa wa pili? Ofisi nzima, kumbe. Nilijifungia chooni dakika ishirini. Nililia kidogo.

Ijumaa, 15 Machi
Bi Häberle kapata kazi. Kibao chake kimefika: herufi zangu ishirini na saba, pamoja na mbili za kike. Kimezidi upana wa mlango kwa kiganja kizima. Nani katumwa kukifunga? Mimi, na bisibisi yangu mwenyewe. Mwenye kibao akanishikia ngazi, akasema angetosheka na neno “Boila”. Halafu akanikatia keki, maana ofisini kwetu mwenye furaha ndiye huleta keki. Ya plamu. Tamu! Nikazidi kukasirika.

Jumatatu, 18 Machi
Mkuu mpya anahitaji naibu. Bosi kauliza nani ataandika tangazo. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Cheo kina herufi thelathini na nane. Safari hii wanawake nimewatanguliza, hakuna atakayenishuku. Maombi yangu yako tayari kwenye bahasha.