Jezi ya Figo Yazinduliwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye yuko njiani, Mwakilishi wa Makamu, uliyekalia kiti cha Makamu, Meneja Mauzo wa kampuni ya nguo za michezo, mfadhili wetu, Daktari Mkuu, ndugu wagonjwa mlioketi na ndugu wagonjwa mliolala, na mimi mwenyewe, Mkurugenzi: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nilipokabidhiwa ofisi hii nilikuta wodi ya figo haina hata mashine moja ya kusafisha damu, na leo, kwa uongozi wangu uliotukuka, wodi hiyo hiyo ina konsepti, ina fremuweki, ina mastekiholda, na ina rangi mpya mlangoni. (Makofi. Mtu anakohoa kwa muda mrefu.)

Mradi wenyewe ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Kampuni inashona jezi ya bei ambayo hata muuza karanga ataimudu. Mwananchi ananunua, anavaa, anakimbia, anatokwa jasho, afya yake inaimarika, na sehemu ya mapato inanunua mashine. Utafiti nilioufanya mwenyewe ofisini unaonesha kuwa asilimia mia moja na kumi ya wananchi wana mwili, na mwili unataka nguo. (Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe.)

Wapo wanaouliza mashine iko wapi. Nimeshajibu kwa lugha nyepesi: iko kwenye mchakato. Sasa huyu mama fundi cherehani, aliyeketi pale na binti yake, alinifuata ofisini akaniambia, "Baba, mwanangu amevimba miguu mpaka viatu havimwingii. Hapo Mchakato ni mbali? Nikipata gari la kumbeba, tutafika naye mzima?" (Kicheko kikubwa jukwaani.)

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ndugu zangu, elimu ni bahari. Nikamfafanulia kwamba mchakato si mahali pa kwenda, ni mahali pa kusubiria. Akasema, "Mimi nitasubiri, baba. Yeye ndiye sijui." Nikamwahidi binti atakuwa wa kwanza, na mimi nikiahidi nimeahidi, ndiyo maana leo mnamwona amevaa jezi yetu, amepigwa picha na mimi, amepigwa picha na Meneja, na picha zimetoka vizuri mno. (Makofi.)

Jezi mwilini, figo salama! Vaa, toka jasho, okoa! (Mstari wa mbele unaitikia.)

Kwa kumalizia, muungwana hushukuru. Namshukuru mama wa kantini kwa kutuazima jokofu lake, ambalo tulilifunika shuka jeupe nikalikatia utepe kwa niaba ya mashine. Lirudishwe kabla soda hazijapata moto. Namshukuru Meneja Mauzo, ambaye ameninong'oneza sasa hivi kwamba kampuni yake haijaamua kama itashona. Na namshukuru mama fundi, maana jezi aliyovaa binti kaishona yeye mwenyewe, na imependeza kuliko ya kiwandani. Mama, mwinue mtoto taratibu umvue, tunayo hiyo moja tu na kesho tunazindua kwingine. (Mama anamgusa binti begani. Anamwita. Anamwita tena.) Msaidieni kuivua jamani, gari la uzinduzi linangoja. Asanteni kwa kunisikiliza.