Kuomba Kurudi Nyumbani Bila Kuharibu Utalii

Chumba namba kumi na mbili,
Makazi ya Vibarua,
Nyuma ya jengo jipya.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Utalii wa Kutembea kwa Miguu,
Kijijini kwetu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo halielewani tena na ngazi. Nakuandikia kama Mwenyekiti, si kama mke wangu, kwa sababu wiki iliyopita nilipokupigia simu uliniambia, "Baba watoto, mambo ya kamati hayaamuliwi kwenye simu ya mtu na mumewe. Andika barua." Haya, nimeandika. Nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, na karatasi ni ya mfuko wa saruji, upande wa ndani ambao ni safi. Shule unajua niliiacha darasa la tano, kwa hiyo wajumbe wanisamehe mwandiko. Hoja zangu haziombi msamaha.

Shida yenyewe ni hii. Jengo tunalojenga linakwisha mwezi ujao, na msimamizi ametuambia kila mtu ajue pa kwenda. Mimi ninapo pa kwenda, ni nyumbani kwangu. Lakini nimepokea barua ya kamati, yenye mhuri na sahihi yako, inayoniomba "kwa moyo wa kujitolea na kwa faida ya jamii nzima" niendelee kutokuwepo.

Niseme haki kwanza. Utalii umetusaidia. Bomba la maji lipo, zahanati ina bati, na kila nyumba kwenye njia ina zamu yake ya kupokea wageni, hakuna anayenyimwa. Najua pia mambo yalivyoanza, maana ulinisimulia mwenyewe kwa furaha. Yule mtaalamu aliyekuja kuwafundisha alisema kila kituo cha safari kinahitaji kivutio endelevu, na kivutio endelevu ni kile ambacho watu wakikitazama mara elfu hakipungui. Kituo cha kwanza kina daraja la kamba, cha pili kina mizinga ya nyuki, cha tatu kina mwamba wa kutazamia mabonde. Cha nne, ambacho ni kwetu, kilitegemea maporomoko ya maji, nayo hukauka kiangazi, na nyani, nao walihamia kijiji cha ng'ambo kwa sababu mahindi ya huko ni matamu zaidi. Ndipo mgeni mmoja, akipumzisha miguu uani kwetu, akauliza kile kiti kitupu ni cha nani. Ukamjibu ukweli: ni cha mume wangu, yuko mbali anabeba zege. Mgeni akalia. Mtaalamu akatoa kalamu. Akasema, "Maporomoko hukauka na nyani huhama, lakini mtu asiyekuwepo hayupo masika na kiangazi." Kamati ikapiga makofi. Tangu siku hiyo mimi ni Kituo cha Nne.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasitawanyike.

1. Kiti. Kiti hicho nilikitengeneza kwa mikono yangu, kwa mbao za makreti. Sasa kimezungushiwa kamba. Naambiwa mtoto wetu wa mwisho alikikalia akaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, mtoto wa miaka mitano atajuaje kwamba baba yake ni kiti?

2. Kandambili. Chini ya kiti mmeweka kandambili za mwenye nyumba. Zile si zangu. Zangu niliondoka nazo, ziko miguuni kwangu hapa ninapoandika. Zile ni za jirani yetu fundi viatu, mtu mwenye miguu kama makasia, na kamati ilizichagua kwa sababu zimechakaa kwa namna ya kugusa moyo. Leo kuna watu nchi za mbali wana picha zinazowaonyesha kwamba mimi nina miguu ya fundi viatu. Naye hanyamazi. Nimesikia anatamba sokoni, "Mke wa mtu analilia kandambili zangu kila siku." Hilo si neno dogo, na kamati imelinyamazia.

3. Hadithi ya kuondoka kwangu. Hapa namshtaki kaka yako, shemeji yangu, mwongoza wageni, ambaye kijiji kizima humwita Kilomita kwa sababu tangu wageni wanapofunga kamba za viatu mpaka wanapozifungua huwaambia imebaki kilomita moja. Anasema niliondoka alfajiri, mvua ikinyesha, bila kugeuka nyuma. Mwenyekiti, ulikuwepo. Niliondoka saa sita mchana, juu ya lori la vitunguu, jua likiwaka, nikageuka nyuma mpaka shingo ikauma, na nikarudi mara moja kuchukua taulo. Anasema pia kwamba niliondoka miaka kumi na tisa iliyopita. Ni miaka minne. Kama ni kumi na tisa, nauliza kwa heshima zote, huyu wa miaka mitano ni wa nani? Naomba kamati inijibu kwa maandishi.

4. Likizo yangu ya mwaka jana. Hili linauma kuliko goti. Nilipewa siku chache, nikapanda mabasi matatu, kisha nikatembea kwa muda wa saa tano, kwa kuwa kamati iliomba barabara isitengenezwe, eti wageni wanataka kutembea. Sisi wenye mizigo hatukuulizwa. Nikafika kijito cha chini ya nyumba yangu nikiwa na begi, sabuni na gauni lako. Kilomita akanizuia kwa fimbo. "Shemeji, karibu sana, lakini nina kundi nyuma yangu, dakika kumi wako hapa. Wakikuona umerudi, safari yao ya siku tatu imekufa. Ingia kwenye kundi." Nikamwambia, "Shemeji, ile ni nyumba yangu." Akasema, "Najua. Ndiyo maana utaipenda." Akanivika kofia.

Basi nikaingia nyumbani kwangu nikiwa mtu wa tisa katika msafara. Nikakaa kwenye benchi la wageni, tukatazamana na kiti changu. Mama yangu, ambaye ni mkweo, akaja na birika la chai. Mwanamke aliyenizaa akaniuliza, "Mgeni, wewe unatumia sukari?" Kisha akainama kana kwamba ananimiminia, akaninong'oneza, "Kaa wima. Umekonda, na watu wanakutazama." Halafu ukaingia wewe, ukasimama kando ya kiti, ukasimulia. Sikufichi, unasimulia vizuri. Ulipofika pale unaposema kwamba kila jioni unapakua sahani moja zaidi, kisha unairudisha chunguni, nililia kwa sauti. Sikujua kama jambo hilo ni la kweli au ni la mtaalamu, na mpaka leo sijui, na naona aibu kuuliza. Mama mmoja mgeni aliyekaa ubavuni kwangu akanipa leso yake, akaniambia kwa Kiswahili cha kitabuni, "Usilie, kaka. Pengine mwanamume huyu ni mbaya tu."

Nililala kwenye hema la wageni, maana kundi moja likitoka jingine liliingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nikaingoja siku ya tatu kwa hamu, nikijua nitapewa jembe niingie shambani kwangu kama watu wengine. Siku ya tatu Kilomita akasema kanuni haziruhusu mgeni kushika jembe, anaweza kujikata. Ya nne nikarudi kazini. Sikupata hata nafasi ya kukupa gauni. Nililiingiza kwenye kisanduku cha maoni.

5. Kitabu cha wageni. Niliandika maneno matatu: "Hapa ni kwangu." Naambiwa mmeyatia fremu na kuyatundika mlangoni, yawe mfano wa jinsi wageni wetu wanavyojisikia nyumbani.

6. Hili lilikuwa kali kuliko yote lakini nimelisahau. Kamati iache nafasi.

7. Ushindani. Kijiji cha ng'ambo, kile kilichotuchukulia nyani, kimeona mafanikio yetu na sasa kinawaondoa wanaume wake kwa zamu. Nasikia wameshaondoka saba, na wajumbe wetu, kwa kuogopa kuachwa nyuma, wamependekeza hata mwalimu mkuu aondoke, kwa kuwa ana watoto wengi na watajaa vizuri kwenye picha. Mwenyekiti, mambo haya yanafika mpaka huku. Juzi chumbani kwetu ameingia mtu wa ng'ambo, ana begi jipya, hana koleo, hajawahi kushika ndoo ya zege. Tukamuuliza amekuja kufanya kazi gani. Akasema, "Kutokuwepo." Tukamuuliza anaweza nini zaidi ya hapo. Akasema hiyo inamtosha, ameambiwa ni ya kudumu. Sasa tuko tisa kwenye vitanda vinne, na mmoja wetu kazi yake ni kulala tu.

Sitaki mfikiri nimekuja kuua utalii. Nimekaa nikatafuta njia, kwa sababu mtu anayelalamika bila kuleta pendekezo ni sawa na mlango usio na nyumba. Mwanzo nilitaka mseme nimekufa, nizikwe kwa maneno, kisha nirudi kama ndugu wa marehemu. Lakini barua yenu imeshasema wageni wa kutembea hupenda huzuni yenye matumaini, na kaburi halina kilomita moja iliyobaki. Nimeelewa.

Kwa hiyo naomba hivi. Nirudi nyumbani kama kibarua wa kutengeneza paa la nyumba ya aliyeondoka. Wageni wakifika, mimi niko juu nagonga misumari, wananiona nyayo tu. Wakiuliza, waambiwe ni fundi. Paa lile nalijua, nililiezeka mwenyewe na nililiezeka vibaya, linaweza kutengenezwa hata miaka ishirini. Wakiondoka, nashuka. Kiti kibaki na kamba yake, mimi nitakaa chini. Kandambili za fundi viatu zibaki hapo hapo, nimekwisha kuzizoea. Kilomita aendelee na mvua yake. Sioni kamati itapoteza nini. Nina uzoefu wa miaka minne wa kutokuwepo, hakuna mtu kijijini anayeiweza kazi hiyo kama mimi, na nina hakika naweza kuifanya nikiwa nyumbani.

Nawaomba wajumbe wafikirie na upande wa pili. Mwezi ujao mlango wa chumba hiki utafungwa. Nikikataliwa huko, nitakuwa sipo huku na sipo huko. Mtu anaweza kukosekana mahali pamoja akavumilia, lakini anayekosekana mahali pawili huyo hata Mungu akimtafuta ataanzia wapi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apishe.

Naomba barua hii isomwe kikaoni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na Kilomita asipewe kuisoma. Wajumbe wanaoniunga mkono wanyooshe mikono. Wasioniunga mkono, waje wabebe zege wiki moja, kisha tupige kura upya.

Nisalimie mama, mwambie nimenenepa. Wasalimie watoto mmoja mmoja, usiwajumlishe. Msalimie fundi viatu kuanzia magotini kwenda juu. Mtaalamu akipita, mwambie nimemwelewa, ndiyo shida. Wasalimie majirani, wajumbe, mweka hazina, na yule bibi wa mizinga ya nyuki. Mwenyekiti nakuaga kwa heshima. Mke wangu nakuaga vingine, lakini hayo si ya kusomwa kikaoni.

Ni mimi, mwenye kukosekana kwa niaba yenu,
Kituo cha Nne.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikaita, kumbe ni wewe. Sijalala kwa maneno yako. Kwamba umejiuzulu uenyekiti mbele ya wote, Kituo cha Nne umekifunga, na Jumamosi unapanda basi kuja kunichukua mwenyewe, kamati itake isitake. Nimeitwa mume wa mtu tena, nimefurahi mpaka watu wa chumba hiki wameniuliza nimekunywa nini. Ila nakuomba sana, mama watoto, Jumamosi isiwe. Nilishindwa kukueleza kwenye simu. Tangu mwezi uliopita wageni wanaomaliza safari yenu wamekuwa wakiomba kuona wanakoishi hao wanaume wenyewe, na sisi tukaona tusiwanyime. Tumeunda kamati, nami nimechaguliwa mwenyekiti. Wanatembea kwa miguu kutoka stendi, wanapita jengoni, wanapanda ngazi zote, wanaishia kitandani kwangu. Mwenye makazi amependezwa, leo asubuhi amesema hata jengo likiisha chumba tubaki nacho. Jumamosi hii tuna kundi kubwa kuliko yote, watu kumi na wanne, nao wameshaambiwa kwamba katika chumba namba kumi na mbili hajawahi kufika mke wa mtu. Njoo Jumatatu. Lakini piga simu kwanza, kuna watu wameulizia Jumatatu.