Dumu Moja kwa Kila Nyumba

Natangaza, kwa mujibu wa madaraka niliyonayo kama katibu wa Kamati ya Usawa wa Maji, Mtaa wa Songambele, Kasulu, kwamba ile tabia ya kizamani ya kujaza madumu yote ya nyumba moja kabla ya kwenda nyingine imekoma rasmi. Hii ni karne ya mifumo.

Zamani bomba likikauka, boza la maji lilipanda kilima na kusimama mlangoni kwa mtu. Dereva Felisiani anashuka, anavuta mpira, anafungua koki, anajaza madumu yote yaliyopangwa mstari mbele ya mlango, anafunga, anasogea nyumba ya pili. Saa nne asubuhi kazi imekwisha na kamati haijalipwa hata posho ya kusimamia. Aibu tupu.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Makarius, aliliona tatizo kitaalamu. Nyumba ya chini imejaza madumu matano, ya juu kabisa haina tone. Akaelekeza boza lijaze dumu la kwanza la kila nyumba mpaka kileleni, kisha lirudi chini lianze la pili, hivyo hivyo hadi la mwisho. Kwamba nyumba ya juu kabisa ni yake, hilo ni suala la kilima, na kamati haikukiweka pale.

Majaribio tulifanya, msituone mambumbumbu. Tulipanga madumu uani mwa ofisi, nyumba tatu za mfano, madumu mawili mawili, yote yanafikiwa na mpira bila boza kusogea. Njia ya zamani na mpya zikachukua muda uleule. Tukapiga makofi, tukala mbuzi, mfumo ukapita.

Mtaani mambo yalijivuta kidogo. Gari linasimama, mpira unavutwa, koki inafunguliwa, dumu moja linajaa, koki inafungwa, mpira unakunjwa, gari linasogea hatua chache, linasimama tena. Dizeli ikawa inakwisha kabla ya maji. Mwenyekiti alieleza kuwa hizo ni dalili za usawa kukomaa.

Jumamosi kulikuwa na mambo mawili. Kubwa, mgeni wetu kutoka Kibondo, Bwana Nurudini, anakuja kujifunza mfumo. Dogo, Mama Faudhia, muuza vitenge anayekaa katikati ya kilima, anamwoza binti yake Tunu. Alfajiri akasimamisha boza.

"Baba Felisiani, nijazie yote matano. Mchele nimeshachagua, nyama iko kwenye sufuria, na wakwe wanatoka Ujiji. Wakikuta jiko la baridi uso wangu nitauweka wapi?"

"Mama, mimi ningejaza, mpira si huu hapa," akasema Felisiani. "Muulize katibu."

Nilimweleza kwa upole kwamba pilau si dharura.

"Hilo dumu la pili litafika saa ngapi?"

"Awamu haina saa, mama. Ina utaratibu."

Machozi yalimlengalenga. Nilimhurumia, lakini katibu hahurumii mbele za watu.

Boza likapanda. Mwenyekiti alipata dumu lake la kwanza mapema, kama ilivyokusudiwa, yaani kama ilivyotokea. Sehemu kubwa akaoshea gari, kwa heshima ya mgeni. Iliyobaki akajiloweshea, akajipaka sabuni kuanzia utosini, akangoja dumu la pili.

Awamu ya pili ilipofika kwa Mama Faudhia, boza likakohoa, likazima. Dizeli kwisha. Felisiani akajaza lile dumu moja, akatazama kilima, akanitazama mimi.

"Katibu, gari halitoki hapa. Maji yapo, mpira upo, na madumu ya mama ndiyo haya."

Nilianza kukumbuka kanuni inasemaje. Kabla sijakumbuka, yote matano yalikuwa yamejaa, na majirani wanateremka na ya kwao. Pilau ikapanda jikoni. Bwana Nurudini, aliyekuta boza limeziba njia, akakaribishwa mkekani pamoja na wakwe.

"Mfumo wenu nimeupenda," akaniambia akinawa mikono. "Gari linasimama sehemu moja, watu wanamaliza shida zao. Nani kaubuni?"

Hapo mbunifu akatokea, anashuka kilima na taulo kiunoni, povu limemkaukia masikioni, jicho moja kalifumba. Wakwe wakageuka kumtazama.

"Mama Faudhia, naomba maji. Sabuni inaniunguza."

Mama Faudhia alikuwa ananawisha wageni kwa birika. "Karibu, mwenyekiti. Keti mwisho wa mstari."

Akaketi. Birika lilipomfikia, Mama akammiminia kidogo utosini, kipimo kilekile cha kila mtu. Povu likashuka, likaingia hadi kwenye lile jicho zima. Mama akarudi mwanzo wa mstari na sinia la pilau.

"Na mara ya pili?" akauliza mwenyekiti, akipapasa hewani.

"Awamu haina saa, baba. Ina utaratibu."

Bwana Nurudini akaniinamia, akaniuliza huyo mtu ni nani. Nikamjibu, kwa mujibu wa madaraka niliyonayo, kwamba simfahamu.