Ng'ombe Wangu ni Lo

Jumatatu, 9 Juni
Aibu! Nimewaambia watoto ninaowafundisha wa gredi ya tano kuwa ng'ombe wetu imezaa. Mwalimu Osewe akachungulia dirishani kunisahihisha: amezaa. Darasa zima kicheko. Hapa Nyansiongo ng'ombe imezaa tangu enzi za babu, na maziwa hatujawahi kukosa. Basi natunga lugha yangu, Kirahisi. Huko Osewe atakuwa mwanafunzi!

Jumatano, 11 Juni
Swali gumu: nani anastahili kuitwa "yeye"? Nimekaa zizini nikiwaza. Nikiita "Pam!", ng'ombe wangu anageuka na kunitazama. Huyo si kitu. Nimepata kanuni: anayeitika akiitwa ni "lo", asiyeitika ni "ki". Jiwe, ki. Majani chai, ki. Pam, lo. Paka husikia na kudharau. Ki, apate adabu. Mungu nimemwita, bado nasubiri. Nimemwachia nafasi. Nimesahau kukamua.

Ijumaa, 13 Juni
Mke wangu, Gesare, amenuna tangu juzi kwa sababu ya maziwa. Namwita, kimya. Leo ghafla akauliza yeye ni nani katika Kirahisi. Mtaalamu hadanganyi: nikamwambia kwa sasa ni ki. Akauliza, na Pam? Nikakiri, lo. Amefungasha nguo, amepanda boda hadi Ekerenyo kwa mama yake. Nyumba imepoa. Nimeita jina lake jikoni kama mjinga. Nampenda sana, na sijui ugali utapikwaje bila yeye.

Jumapili, 15 Juni
Nimefika Ekerenyo, nimeomba msamaha, nimelia machozi ya kweli. Gesare akasema atarudi nikiifuta ile kanuni. Nikaapa. Akacheka, akaingia kuchukua mkoba. Ushindi!

Hapo mama mkwe akapita na ndizi. Nikamwamkia. Akageuza uso, akapita kimya, kama mila yetu ya chinsoni inavyotaka: mkwe na mama mkwe hawazoeani, ndiyo heshima yetu. Najua hilo vizuri. Lakini alikuwa ameitwa na hakuitika. Gesare alipotoka nikamnong'oneza kuwa yeye nimemfuta kwenye ki, ila mama yake, kisayansi, ni ki.

Nimerudi peke yangu.

Jumatatu, 16 Juni
Nimekesha nikitafakari na kosa langu nimeliona. Mama mkwe ni mtu wa heshima, na mtu wa heshima hasemwi kwa umoja. Nimemtumia Gesare ujumbe wenye habari njema: mama si ki tena. Ni vi.