Jinsi Kubanych wa Naryn Alivyohamisha Mlango Asimhamishe Mama

Sogeeni karibu, enyi waungwana mnaolala na shuka moja, enyi mliopewa jua la mwaka mzima na bado mkalilalamikia. Tulieni niwasimulie vita alivyopigana Kubanych mwana wa Toktosun, fundi wa redio, shujaa wa mtaa wetu wa ng'ambo ya mto hapa Naryn, mji wa milimani, Mwenye Mabega Mapana, Mpasua Kuni, Mla Nyama Asiyebakisha, dhidi ya Upepo wa Mto, adui mkongwe asiyeonekana, aingiaye majumbani mwa watu bila kubisha hodi wala kuvua viatu. Niliviona kwa macho yangu haya, kwa kuwa mimi ni jirani yake, na nyundo iliyotumika katika vita vile ilikuwa yangu. Nasema ilikuwa, maana mpaka leo haijarudi.

Chanzo cha vita ni mama yake, Bibi Burulcha, malkia wa birika na mwamuzi wa chumvi, mwenye umri wa miaka sabini na minane. Tangu mwezi wa tisa alikuwa amevaa kizibao chake cha ngozi ya kondoo. Alikula nacho, akalala nacho. Hata ikafika Jumatatu ile ambayo kipupwe kilikaza, mto ukafunga barafu kutoka ukingo hadi ukingo, naye mama, ameketi mahali pake pa siku zote, akapumua na kuiona pumzi yake mwenyewe ikielea mbele ya uso wake. Akaitazama mpaka ikapotea. Kisha akamwita mwanawe.

"Kubanych, nisikilize vizuri. Nyumba hii baba yako aliijenga, na udongo wake niliukanda kwa miguu yangu hii. Hakuna mahali ninapopapenda kuliko hapa. Lakini mifupa yangu imekataa. Ermek anakuja Jumamosi na gari. Siku hiyo nikikaa hapa nikaiona tena pumzi yangu, naondoka naye kwenda mji mkuu, Bishkek, nikakae kwa dada yako ghorofa ya saba, nitazame ukuta wa jirani mpaka theluji iyeyuke."

Huyo Ermek ni mkwewe, mume wa binti yake, mtu mwema asiye na kosa ila moja: mjini kwake joto huletwa na mabomba ya serikali, naye huyasifu kana kwamba ameyatambaza yeye. Mwaka uliotangulia mama alikwenda kwao, akarudi amekonda na amepoa maneno. Na Kubanych, ambaye alibaki kipupwe kizima bila mtu wa kumwambia kwamba chai yake haina rangi, aliniambia siku moja, akitazama pembeni, kwamba nyumba ilikuwa imekufa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema vita hivi vilikuwa vya dirisha tu.

Jumanne alfajiri shujaa akajifunga mkanda na kuyashambulia madirisha. Kila dirisha la kwetu lina vioo viwili, cha nje na cha ndani. Katikati yake akashindilia pamba, akakata magazeti ya mwaka mzima kuwa tepe ndefu, akachemsha gundi ya unga, akaziba kila ufa, kona kwa kona, mpaka yule adui akawa hana hata tundu la kupitisha ndevu zake. Jumatano akashuka chini, akakandika udongo na majani makavu kuuzunguka msingi wote, akarudi jioni na masharubu yaliyoganda. Asylkan, mkewe, mama wa binti yao Meerim, Mwenye Ulimi wa Kisu, alimpokea mlangoni.

"Baba Meerim, umepigana vizuri, hakuna ubishi. Ila umemaliza unga. Sasa madirisha yameshiba na sisi tunalala njaa."

"Unga utapatikana, mke wangu. Mama akishaondoka, hapatikani."

"Basi kanawe mikono. Na hayo masharubu uyavunje barafu nje, yasininyeshee mkeka."

Alhamisi asubuhi mama akaketi mahali pake, akapumua. Pumzi ikaonekana. Si nene kama ya Jumatatu, lakini ilionekana, na Kubanych akakaa chini kwa kishindo cha mtu aliyeishiwa majeshi.

Maana hapo ndipo ilipokuwa siri ya ile nyumba. Jiko letu la makaa ya mawe hujengwa ndani ya ukuta, na marehemu Toktosun alilijenga ubavuni mwa mlango, ili asihangaike kubeba makaa. Lakini kwetu upande wa mlangoni ndio upande wa chini: hapo hukaa waliochelewa, watoto, na wakwe wa kiume. Mkubwa wa nyumba hukaa upande wa juu, mkabala na mlango. Na upande huo wa juu, mbali na jiko kadiri mtu awezavyo kuwa mbali, ulikuwa chini ya dirisha kubwa la mtoni. Hivyo kwa miaka arubaini familia ile ilikuwa ikimheshimu bibi yao kwa kumgandisha.

"Mama," Kubanych akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayejua jibu, "kwa nini usije ukakaa huku karibu na jiko? Siku mbili tatu tu."

Bibi Burulcha akaiweka bakuli ya chai chini.

"Huko kwenye viatu?"

"Viatu nitavitoa."

"Ukitoa viatu, patakuwa si mlangoni? Mimi nimezaa watu sita, nimeozesha wanne, nimezika mume. Leo baba yako akifufuka akanikuta nimekaa huko, ataniuliza nimefanya kosa gani. Nimjibu nini? Kwamba nilisikia baridi? Bora nife huku juu nimekaa vizuri."

Hakuna jeshi linaloweza kuvunja ukuta wa namna hiyo. Shujaa akainamisha kichwa. Na wakati ameinamisha, kule upande wa juu ukafunguka mlango mdogo ulio kando ya dirisha, ule unaotoka chumbani kwao, akapita Asylkan na kapu la nguo. Kubanych akautazama mlango ule. Akautazama mlango mkubwa. Akamtazama mama. Halafu akanyanyuka polepole, na mimi niliyekuwa nimefuata nyundo yangu nikajua kwamba siku hiyo sitaondoka nayo.

"Mama hahami," akasema. "Atakayehama ni mlango."

Mpango wenyewe ulikuwa huu: mlango mkubwa uzibwe kabisa, na watu waingie kwa mlango wa nyuma, wa chumba cha kupikia, wapite chumba cha kulala, watokee kwa ule mlango mdogo. Hapo upande wa juu, kwa sheria ileile ya mababu, ungeangukia mkabala na mlango mdogo, yaani kwenye jiko. Lilikuwa shauri kubwa, na lilipata mpinzani wake papo hapo.

"Ngoja," akasema Asylkan. "Mgeni akija kunywa chai, apite kitandani kwangu?"

"Pembeni mwa kitanda."

"Na wewe ndiye hujawahi kukitandika tangu tuoane. Watu wapite wakitazama foronya zangu, Naryn nzima ijue nalalia nini?"

"Nitakitandika mimi. Kila asubuhi, mpaka theluji iyeyuke."

Asylkan akanigeukia. "Shemeji, umesikia? Wewe ni shahidi."

Nikasema nimesikia. Ndipo yule mama wa nyumba akafungua sanduku lake la harusi, akatoa zulia zito la sufu ya kondoo iliyogandamizwa, lenye mapambo ya pembe nyekundu za beberu, alilolishona mama yake kwa vipupwe viwili na ambalo halikuwahi kukanyagwa. Akalitupa begani kwa mumewe. "Lipigilie," akasema. "Kama ni kwa ajili ya mama, lipigilie."

Ijumaa nzima nyundo ililia. Kubanych alipiga misumari arubaini, na dole gumba lake mara tatu, na kila mara alitaja majina ya Upepo wa Mto ambayo mimi sitayarudia hapa. Zulia likaufunika mlango mkubwa kutoka juu hadi chini, na mbele yake ikapangwa mifarishi yote ya nyumba, ile ya pamba ya kulalia, ishirini na mmoja, hata adui alipofika na kusukuma alikuta ukuta wa pamba.

Jumamosi akafika Ermek. Akagonga mlango mkubwa kwa mazoea, akasikia sauti za mbali zikimwambia azunguke. Akazunguka, akapita chumba cha kupikia, akapita kwenye kitanda kilichotandikwa kwa namna ya kusikitisha, akatokea. Akamkuta mama mkwe ameketi upande wa juu kabisa, mkabala naye, mgongo kwenye mifarishi, kiwiko kwenye ukuta wa jiko. Naye, kwa kuwa ni mkwe na anajua adabu, akakaa papo hapo alipoingilia, chini ya dirisha la mtoni.

"Mama, gari liko tayari," akaanza. "Kule kwetu mabomba yamewashwa tangu mwezi wa kumi, mtu unakaa na fulana."

Lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza, kwa sababu kila neno lilimtoka na moshi wake, na sifa zote za mabomba ya mjini zilielea mbele ya pua yake, nyeupe.

Bibi Burulcha alimwacha amalize. Kisha akavuta pumzi, na Kubanych akashika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Akapumua. Hatukuona kitu. Akapumua tena, kwa nguvu, akiitafuta kwa macho huku na huku. Hakikuonekana kitu.

Akaanza kufungua vifungo vya kizibao, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vilivyopinda, hata vyote vitano vikafunguka. Akakivua, akakikunja, akakipitisha mkono kwa mkono mpaka upande wa chini.

"Vaa, Ermek," akasema. "Unatetemeka. Utarudi nacho mjini, ukamwambie mwenzio mimi nimekosa nafasi ya kuja."

Na iandikwe basi, wasome watakaokuja baada yetu, kwamba mwaka ule wa barafu, siku ya Jumamosi, wakati wa chai, Kubanych mwana wa Toktosun alimshinda Upepo wa Mto bila kumwaga damu ila ya dole gumba. Alipomimina bakuli ya kwanza, mama yake akaipokea, akaionja, akaitazama kwa muda.

"Chai hii haina rangi," akasema.

Kubanych akacheka mpaka akafuta macho.