Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Nchi Kavu

Kwa Mhifadhi Mkuu,

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima, na wanyama wako wenye miguu hawajambo. Mimi ni mke wa mtaalamu wako wa samaki, yule ambaye askari wa doria humwita Bwana Mapezi. Kwa heshima zote, naomba umwondoe mtoni umpe mnyama mwingine yeyote. Tembo, nyani, hata fisi nitamvumilia. Sababu zangu ni hizi:

1. Wenzake ni watu wa kuonekana. Mtaalamu wa simba hupigwa picha na wageni kila siku. Mume wangu amepigwa mara moja tu, na mgeni aliyemdhania kiboko. Juzi alisimama mbele ya basi la watalii akaanza, "Karibuni, leo nitawaonesha samaki..." Dereva akawasha gari.

2. Nyumbani hatuna chombo cha kuogea. Karai, beseni na ndoo vyote vina wapangaji. Mama mkwe wangu alipotutembelea aliuliza kwa nia njema, "Mwanangu, hawa tunawala lini?" Mume wangu alimnunia mzazi wake mpaka siku ya kuondoka.

3. Wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu walipokuja, aliwapokea na mabuti yanayochuruzika maji. Baba wa kijana akamwomba aseme neno kuhusu ndoa. Akawaeleza kwamba mtoni kuna samaki ambaye jike wake hubeba mayai mdomoni, hali chakula mpaka watoto waanguliwe, "na dume haonekani tena." Mama wa kijana akamgeukia mumewe, akamtazama kwa muda mrefu. Ndoa ya watoto ipo palepale. Inayoyumba sasa ni ya wakwe.

4. Nilishikwa na homa. Akakaa kando ya kitanda, akanitazama ninavyopumua, akachunguza rangi ya mashavu yangu, akasema kwa upole, "Usijali mke wangu, wa aina yako hupona maji yakipoa."

Kama kumhamisha haiwezekani, basi niandikishe mimi niwe samaki wa hifadhi. Nitapata ulinzi wa askari, chakula kwa wakati, na mume wa kunikodolea macho kutwa nzima.

Nisalimie nyumbani kwako, katibu wako, walinzi wote, na mtaalamu wa simba, ambaye nasikia mkewe ana bafu.

Ni mimi, mtiifu wako wa ukavuni,
Mke wa Bwana Mapezi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, dereva wa ofisi amepita na habari kwamba mmekwisha kuamua: kitengo cha samaki kinafungwa, na mume wangu anakwenda kuwakatia wageni tiketi getini. Mheshimiwa, nani amewaomba? Huu ni msimu wa kutaga! Wale wenye doa jekundu pezini wamejaa chini ya maporomoko, na hapo kazini kwenu hakuna mwingine anayewajua. Mwenyewe amekaa kizingitini tangu mchana. Sijawahi kumwona mkavu kiasi hiki, na sipendi. Kwa hiyo hayo yote ya juu usiyasome. Mwache mtoni. La sivyo nitakuja ofisini kwako mimi mwenyewe, na ukumbuke nimeolewa na mtaalamu: habari za samaki hao naweza kukueleza tangu mnafungua mpaka mnafunga.