Magonjwa Yangu kwa Kiarabu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo cha kumeza, yule mama anayewafundisha waliopooza kula upya, ameuliza nani anajua Kiarabu. Anataka majina ya magonjwa kwa Kiarabu, kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa wasiojua lugha nyingine. Atakayefaulu atakuwa mkalimani. Meza na kiti! Mimi nasukuma vitanda, magoti yamechoka. Nikanyoosha mkono. Kiarabu nakisoma vizuri tangu chuo cha Kurani. Kukielewa ni suala jingine, na hakuna aliyeuliza. Bibi Faili wa masjala naye akanyoosha. Hajui hata alifu. Nimemhurumia.

Jumanne, 4 Machi
Kitabu changu cha maneno kina ngamia, tende na soko. Aliyepooza hakuna. Lakini penye nia pana njia. Ng'ambo ya mji kuna daktari Mwarabu wa mishipa ya fahamu. Nitajifanya mgonjwa, atayataja magonjwa yangu, nitaandika. Bibi Faili kaonekana akipiga soga na binti wa mzee mmoja Mwarabu aliyelazwa. Umbea tu.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kang'ang'ania kunisindikiza. Nimemweleza daktari kwamba maji yananipalia. Kwao wanaitaje? Usrul-bal'i, akasema. Safi. Nikaongeza mkono unatetemeka: ru'ash. Tamaa ikanishika. Nikasema na nusu ya uso imekufa ganzi. Hapo akaacha kutabasamu, akataja shalal na sakta dimaghia, yaani kupooza na kiharusi, kisha akamgeukia mke wangu. Wamezungumza sana. Sikusikiliza, nilikuwa naandika.

Alhamisi, 6 Machi
Uji. Mchana, viazi vilivyopondwa hadi vikapoteza utu. Maji yamekorogewa unga wa dawa, yanateremka kama gundi. Kidevu chini kila ninapomeza. Watoto wanakula kuku mbele yangu. Nilitaka kusema ukweli, lakini mke wangu amelia na kumwita mama yake. Mama mkwe amekaa kwenye kiti changu, ananitazama koo. Anasema siku zote alijua nina kasoro. Mvumilivu hula mbivu. Zilizopondwa, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekabidhi majina. Yote sahihi! Nikaanza kuchagua pa kuweka meza. Ndipo mkuu akaniita kwa yule mzee Mwarabu, mwenye kiharusi. Mkewe ameshika bilauri, anataka kumnywesha. Nimwambie asimpe maji mepesi, yataingia mapafuni. Mimi nina magonjwa tu. "Usimpe" sina. Nikamsomea yote manne, kwa tajwidi, kama ninavyosoma Kurani. Mama wa watu akaangusha bilauri, akaangua kilio. Alidhani mumewe kapatwa na yote asubuhi hiyo. Bibi Faili akampigia simu yule binti wa mzee, anayejua lugha zote mbili, akampa mama yake aongee naye, yakaisha. Nikamkumbusha mkuu kwamba maji yamemwagika kwa juhudi zangu. Hakucheka. Meza kapewa Bibi Faili, na Kiarabu hajui hadi leo. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeungama kwa mke wangu: mimi mzima, nilidanganya. Akamtazama mama yake. Mama mkwe akasema daktari alimwonya binti yake kwamba nitafika mahali pa kukana. Wakaniletea uji.

Hata hivyo, kitengo cha macho kinatafuta mtu wa Kituruki. Nasikia karibu na stendi kuna daktari Mturuki. Jioni hii nimejigonga mlangoni mara mbili, mama mkwe akiona.